Simba Kwenye Kijiji cha Bibi

Palikuwa na kinyozi mmoja, wapendwa, mwenye mkasi mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Habari za mji mzima alikuwa nazo yeye. Siku moja akasikia kwamba kwenye ukumbi wa mji zimeletwa ramani za kale, kila mtu azitazame bure. Akafunga kibanda, akavaa shati la Jumapili, akaenda. Alitaka jambo moja tu: kukiona kijiji cha bibi yake aliyemlea, ili arudi awaambie wanawe, "Tumo."

Akasimama mbele ya ramani. Akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. Ziwa aliliona, ila lilikuwa na umbo la kiatu. Mto wa mashariki ulikuwa umehamia magharibi. Na pale pa kijiji cha bibi alikuwa amekaa simba, mkia juu, peke yake. Kinyozi akachanganyikiwa. Je, amesimama vibaya? Au bibi ndiye aliyemdanganya?

Akamwendea mwanamke aliyekuwa akiwaeleza watu. "Samahani, dada. Kwetu hapa mbona pana simba?"

"Aliyechora hakufika huko, kaka yangu. Aliishia pwani, akauliza wapita njia. Alichoambiwa alikichora. Asichokijua alikijazia mnyama."

"Kwa hiyo watu wetu hawakuwepo?"

"Walikuwepo. Yeye ndiye hakuwepo."

Kinyozi alisikia, lakini moyo ulikataa kutulia, na kwa kweli iliuma. Mtu anaufutaje ukoo mzima kwa uvivu wa kutembea? Yule dada akampa karatasi na kalamu, kama alivyowapa wageni wote. "Na wewe tuchoree mtaa wako, tuubandike ukutani."

Akachora kwa madaha. Kibanda chake, kanisa, bomba la maji, duka la mchele, nyumba yake. Ubavuni mwa nyumba yake akachora mbwa mwenye meno.

"Na hapa anakaa nani?" dada akauliza.

"Hapo pana mbwa mkali. Imeandikwa kwenye kibao getini."

"Hakuna watu?"

Jina la jirani yake kinyozi hakulijua. Akautazama mchoro wake, akamtazama simba ukutani, akachanganyikiwa kuliko mwanzo.

Jioni akaenda kupiga hodi kwenye geti lile. Akasubiri sana. Akafungua bibi kizee, akijishikiza ukutani.

"Shikamoo, mama. Mbwa yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mbwa alikufa zamani. Kibao ndicho nimekosa mtu wa kuning'olea."

Haya, ndugu zangu, sisi je? Tunawacheka wachoraji wa kale waliojaza simba wasikofika. Wewe umemchora nani mnyama? Wale wa ng'ambo ya reli? Mkweo uliyemsusa? Yule anayekaa benchi la nyuma humu ndani, kila Jumapili, na hujui hata jina lake? Ulifika kwake, au uliishia kwenye kibao?

Maana Bwana atatuuliza habari za jirani zetu, na tutaona haya kumwonyesha picha ya mbwa. Kwa hiyo ibada ikiisha, msipange foleni mlangoni kunishika mkono mimi. Nendeni mkabishe hodi. Kuna mtu nyuma ya geti anasubiri kung'olewa kibao.