Kigoda cha Mama Otmari

"Kigoda cha mshauri hakina egemeo." Ndivyo diwani alivyowajibu leo wale wawili waliokuwa wakimvutia yule mama kila mmoja upande wake mkutanoni, nanyi mkacheka kwa sababu mliwaona wazee wanacheka. Sasa mnaniuliza ni kigoda gani, na mshauri yupi. Afadhali mmeuliza. Wenzenu husema methali kama kasuku, kisha huitumia pasipo mahali pake. Sogezeni hayo mahindi mpukuchue huku mkisikiliza, kwa maana masikio hayana kazi na mikono. Methali hii ilianza hivi.

Hapa hapa Likwenga, miaka ile soko lilipokuwa bado juu karibu na kanisa, polisi na wananchi walikuwa hawaivi chungu kimoja. Askari akipita sokoni, watu walinyamaza. Mtu akiibiwa, alijinyamazia naye, akisema heri hasara moja kuliko mbili. Ndipo akaja mkuu mpya wa kituo, Inspekta Majura, mtu wa upande wa ziwa, akaitisha mkutano. Alisema anatafuta mwananchi wa kujitolea awe mshauri wa kituo. Mtu huyo hatakuwa askari wala mtumishi, hatapewa sare, hatapewa posho. Atakaa kituoni siku za malalamiko, asikilize, na awaambie polisi bila kumung'unya maneno jinsi wananchi wanavyoiona kazi yao, na desturi za hapa zilivyo.

Wanaume wote wakatazama viatu vyao. Aliyesimama alikuwa Gaudensia Mapunda, mjane aliyestaafu kazi ya posta, ambaye sisi sote tulimwita Mama Otmari. Marehemu mumewe alizoea kumwambia, "Gaudensia, mdomo wako huu, ipo siku utakuponza au utamponya mtu." Siku ile alifikiri labda saa yenyewe imefika.

Alipoanza kazi, Inspekta alimpa kiti kizuri nyuma ya meza, ubavuni pake. Watu wakaingia na malalamiko, wakamwona huko, wakafunga midomo. Walidhani ameshakuwa askari asiye na kofia. Safari ya pili akaenda kukaa kwenye benchi la wananchi. Hapo ikawa balaa jingine. Huyu anamnong'oneza, "Mama, nisemee," yule anamvuta kanga, na askari wakaanza kumtazama kama wakili wa wahalifu. Aliporudi tena alikuja na kigoda chake cha jikoni, kile alichokalia akipika ugali, akakiweka katikati ya chumba, mbali na meza na mbali na ukuta. Askari walicheka. Wananchi nao walicheka. Mama Otmari alikaa, na jioni alirudi nyumbani mgongo ukimuuma.

Mambo yakaenda hivyo taratibu, mpaka alipofariki Mzee Meinradi Gama, Mngoni wa hapa hapa.

Ninyi wa siku hizi utani mnaujua wa kwenye simu. Wangoni na Wahehe, mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakaona heri wajukuu wao watukanane tu. Basi Mngoni akifa, watani wake Wahehe ndio wenye msiba. Huchimba kaburi, humwiga marehemu, huwatukana wafiwa hadi wacheke katikati ya kilio, na huchukua vitu vya nyumba ile mbele ya macho ya watu, vigombolewe siku ya kuanua matanga. Kuku au nyama wakitwaa, huliwa, na hakuna anayedai.

Kinara wa watani siku ile alikuwa kijana mmoja wa Kihehe, Lukelo Mgovano. Huyu alikuwa amemwoa Tasiana, mjukuu wa Mama Otmari, aliyelelewa na bibi yake tangu akiwa mchanga. Lukelo alivaa koti la marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama marehemu, akapanda baiskeli ya marehemu huku akipiga kengele. "Meinradi kafa bila kuniaga," alisema, "basi baiskeli itaniaga badala yake." Mjane alicheka mpaka akajifuta machozi. Lukelo akafunga paja la mbuzi nyuma ya baiskeli, akaning'iniza na mfuko wake, akatoka nje ya uwanja kwa mbwembwe.

Huko njiani akakutana na konstebo kijana, mgeni, hajamaliza hata mwezi Likwenga. Konstebo akaona mtu mwenye koti lisilo lake na baiskeli ya watu, anatoka nyumba ya msiba. Akamsimamisha. Lukelo, akiwa bado na utani mdomoni, akamtukana yeye pia. Rungu likashuka begani, pingu zikafuata.

Habari ilipofika msibani, watani wote wakaweka majembe chini. Nani azike, na watani wamepigwa? Jeneza likabaki sebuleni na jua likazidi kupanda. Watu wakaondoka kundi zima kwenda kituoni.

Mama Otmari alifika na kigoda chake, akakiweka pale pale katikati. Mezani kulikuwa na koti, paja la mbuzi, na mfuko uliofunguliwa. Ndani ya mfuko, katika kitenge, kulikuwa na redio ya Mzee Meinradi, ile aliyoisikiliza kila jioni barazani mpaka majirani wakaizoea. Baiskeli iliegemezwa mlangoni. Lukelo alikaa sakafuni, na alipomwona bibi wa mkewe, uso ulimkunjuka. Dirishani alisimama Tasiana na mtoto mgongoni.

Koplo mmoja alileta kile kiti kizuri. "Mama, leo maneno ni marefu. Kaa hapa uegemee."

Mzee Mgovano, baba mdogo wa Lukelo, akapiga piga benchi kwa kiganja. "Mama, njoo kwa watu wako. Huku kuna ukuta, utaegemea."

"Nimeshakaa," alisema Mama Otmari.

Inspekta Majura alivua kofia, akapangusa jasho. "Mama Otmari, nisaidie. Askari wangu anasema huu ni wizi. Watu hawa wanasema ni mila. Kwetu utani ninaoujua ni wa maneno, wa kupanda baiskeli ya marehemu siujui. Wewe unasemaje?"

Mama Otmari alijua jambo moja ambalo hakuna mwingine ila Lukelo aliyelijua, na lilikuwa limemkaa kifuani tangu asubuhi. Alijua pia kwamba akisema neno moja tu, mila, mume wa mjukuu wake atatoka pale na kila kitu, na jioni Tasiana atakuja kumbusu mikono.

"Baiskeli ni utani," alisema. "Koti ni utani. Paja la mbuzi ni utani, na kama lisingekuwa hapa mezani lingekuwa limeshaliwa. Alivichukua mchana kweupe, mbele ya mjane, akipiga kelele na sisi tukimtukana. Huo si wizi, Afande. Na askari wako amempiga rungu mtani msibani. Hapa petu watani ndio wazikaji. Mpaka sasa marehemu hajaingia kaburini kwa sababu yenu. Hilo ni kosa, na inafaa uende ukalisema kwa mjane kwa mdomo wako mwenyewe."

Nje vigelegele vililia. Inspekta alikaza taya. Hakuwa amezoea kuambiwa kosa lake mbele ya watu. Konstebo alitazama ukuta. Tasiana alikuwa anatabasamu dirishani, na Mama Otmari alimwona. Angenyamaza hapo, angelala kwa amani usiku ule.

"Lakini redio si utani," alisema.

Vigelegele vilikatika. Mzee Mgovano alisimama. "Mama, mtani haibi msibani. Ndivyo ilivyo tangu mababu."

"Tangu mababu, mtani huchukua akionekana. Redio hii ilitoka kwa mlango wa uani, imefungwa kitenge. Mimi nilikuwa kwenye pipa la maji, nikaona, nikajiambia labda ametumwa na mjane. Sasa niambieni nani mwingine aliona. Nani alitukanwa redio ilipotoka?"

Mzee Mgovano aliitazama redio, kisha akawatazama wenzake.

"Utani una kelele," alisema Mama Otmari. "Hii haikuwa na kelele. Tukiiita utani, msiba ujao kila mfiwa atatafuta kufuli kwanza, ndipo aanze kulia."

"Kwa hiyo utamfunga mume wa mjukuu wako?" aliuliza Mzee Mgovano.

"Mimi simfungi wala simfungui. Mwenye funguo ni Afande. Mimi nimeulizwa, nimejibu."

Lukelo aliinamisha kichwa. "Nilidhani redio itapotea ndani ya zile kelele," alisema polepole. Mama Otmari alipotazama dirishani, Tasiana hakuwapo.

Watani walirudi wakazika, maana marehemu hana kosa. Lukelo alibaki mahabusu. Mama Otmari alijitwika kigoda chake akarudi nyumbani peke yake.

Basi zikaja siku ngumu. Wanawake sokoni walimwuzia nyanya bila kumwuliza habari za nyumbani. Watu walisema mama yule amekula yamini ya polisi. Ungedhani basi polisi walimpenda, kumbe nako kulikuwa vile vile: konstebo alimpita bila salamu, na koplo aliyekuwa akimletea chai akawa anasahau. Tasiana hakukanyaga mlangoni kwake. Jioni moja, akimenya viazi jikoni, Mama Otmari alilia kwa kwikwi, akaona hana mtu wa kumwambia. Alifikiri kukirudisha kigoda jikoni kikae huko huko. Kesho yake ilikuwa siku ya malalamiko, akakibeba tena. Hata yeye hakujua kwa nini.

Inspekta naye alikaa na maneno yale yakimkera, na kinachokera mara nyingi ni kweli. Siku ya tatu baada ya mazishi alimchukua konstebo, wakaenda kwa mjane wa Meinradi wakiwa wamevua kofia. Walisema kosa lao wote wawili. Mjane aliwasikiliza, kisha akasema, "Nami sina shauri tena na yule kijana. Redio nimeipata. Ila aje aniambie mwenyewe alichofanya, hapa hapa mlangoni alipopitia." Lukelo akaachiwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa uani, akasema, na mjane akamwacha asimame pale muda mrefu kabla ya kumwambia aingie.

Ikafika siku ya kuanua matanga. Inspekta alialikwa, akaja na sare yake. Hajakaa sawasawa, Mzee Mgovano akamnyatia, akampokonya kofia, akaivaa, akaanza kutembea uwanjani kifua mbele akitoa amri. "Wewe, funga kiatu. Wewe, acha kulia bila kibali." Konstebo alishika rungu, akaliachia. Inspekta akageuza macho akamtafuta Mama Otmari, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia.

"Ina kelele, Afande," alisema mama.

Inspekta Majura alicheka, na Likwenga ilikuwa haijamwona akicheka. Alikomboa kofia yake kwa jogoo.

Hapo kicheko kikalegeza uwanja mzima. Inspekta akaonyesha kiti kitupu kando yake. "Mama, karibu huku." Mzee Mgovano naye, jogoo kwapani, akaita kutoka kwenye mikeka iliyotandikwa kando ya ukuta. "Mama, njoo huku kwa watu wako, tumekwisha nuna, inatosha." Wote wawili walimwita kwa moyo mweupe, naye akasimama katikati mgongo ukimchoma, asijue aende wapi asimvunje moyo mwingine.

Ndipo Lukelo akaingia. Alikuwa amekwenda nyumbani kwa Mama Otmari, na begani alibeba kile kigoda. Nyuma yake alikuja Tasiana na mtoto. Lukelo alikiweka katikati ya uwanja, akakipangusa kwa pindo la shati lake.

"Kaa, Bibi," alisema. "Siku ile ungeegemea kwa Afande, leo ningekuwa gerezani kwa baiskeli ya utani. Ungeegemea kwetu, ningetoka, lakini ningekuwa mwizi, na mlango wa nyumba hii nisingeweza kuuingia tena nikitazama watu. Hawa wanakuita uegemee kwa wema tu. Waambie kigoda cha mshauri hakina egemeo."

Mama Otmari alikaa. "Mgongo unaniuma, mwanangu."

"Tunajua, Bibi," alisema Tasiana. Alimpa Lukelo mtoto, akapiga magoti nyuma ya kigoda, akaanza kumkanda bibi yake mgongo mbele ya polisi, watani na wafiwa wote, na hakuna aliyemwita aondoke pale.

Ndivyo neno lile lilivyotoka kwenye uwanja wa msiba likaingia midomoni mwetu. Na yule mama mliyemwona leo akivutwa huku na huku, ameichukua kazi ile ile. Msimnunie akikataa kukaa upande wenu, maana siku moja mtamhitaji akatae upande wa wengine. Mkimwona amechoka, mpelekeeni maji ya moto mkamkande mgongo, kisha mwacheni akae alipokaa. Kigoda cha mshauri hakina egemeo.