Jicho la Ng'ombe wa Maganda

Mnaochambua maharage endeleeni kuchambua. Mikono haizuii masikio.

Palikuwa na wake watatu wa ndugu watatu, ua mmoja, huko Karagwe. Kemilembe alijua kuchora: akimwona ng'ombe mara moja, anamwacha ukutani kwa mkaa. Nyakato aliyajua maganda makavu ya migomba. Alipita shambani akitenga meusi, ya kahawia na meupe, wala hakununua rangi. Kokuteta alikuwa na vidole: kwa wembe na gundi ya muhogo alibandika ganda juu ya ganda, usione kiungo.

Wakatengeneza picha ya ng'ombe anayegeuka nyuma, jicho lake punje ya mahindi. Ilikuwa ya maonyesho ya wakulima, na zawadi ilikuwa ng'ombe mtamba mmoja mwenye mimba. Watoto wa nyumba zote tatu walikuwa wanakunywa chai ya rangi.

"Mtamba hafugwi na watu watatu," mama mkwe wao alisema. "Mkishinda, atachukua aliyefanya kazi kubwa."

Asubuhi ya maonyesho, picha imeegemezwa barazani, jicho halipo. Tundu tupu.

"Nani amelinyofoa?" aliuliza Kokuteta.

"Usinitazame mimi, mwenzangu. Gundi ni yako."

"Na jana nani alitoka barazani mwisho?"

Wakaapa wote watatu. Wakaondoka na tundu lao, kila mmoja ameshika kona ya picha, hamwamini mwenzake kuibeba.

Kwenye maonyesho, jaji aliinama, akacheka. "Ng'ombe huyu ananitazama kama mimi ndiye niliyemwibia! Kwa tundu hili, mmeshinda."

Njiani, wanamswaga mtamba, Kemilembe akakohoa. "Niseme ukweli. Nilinyofoa mimi. Punje ilikuwa inaharibu sura."

"Wewe? Si uliapa kwa baba yako?" alisema Nyakato. "Ni mimi. Punje haikuendana na maganda yangu."

"Muone haya!" alisema Kokuteta. "Nani mwingine angebandua bila kuchana?"

Walipofika, kuku wa mama mkwe alikuwa barazani, anadonoa palepale picha ilipokuwa imeegemezwa.

Mama mkwe hakumfukuza. Alipokea kamba ya mtamba. "Mtamba akae kwangu mpaka mpatane."

Hawajapatana. Mtamba amezaa, na chai ya mama mkwe sasa ni ya maziwa kila asubuhi. Kuku yule hufungiwa bandani kila jioni; jioni ile moja tu ya kuamkia maonyesho, mlango wa banda ulisahauliwa.

Haya. Aliyechora, aliyetafuta maganda, aliyebandika, au mwenye kuku: wewe kamba ungemkabidhi nani?