Tundu Jipya la Kisima cha Ndovu

Hapo kale na kale, wanangu, kaeni vizuri na msinikatize, kulikuwa na kiangazi kibaya na kisima kimoja tu, cha Ndovu. Kisima kilifunikwa kwa jiwe, na jiwe lilikuwa na tundu la duara.

Wauza maji wote, mkubwa wao Punda, walichonga kata za kupita tundu hilo. Walichota, wakapeleka maji hadi ng'ambo ya bonde, alikoishi Mama Swala na mwanawe mgonjwa wa homa.

Asubuhi moja Punda akafika. Ngo! Ngo! Kata haiingii.

"Bwana Ndovu, tundu limekuwaje?"

"Nimelitengeneza!" Ndovu akajibu, uso umemkunjuka kwa furaha. "La zamani lilikuwa linaingiza vyura. Hili la pembe nne lina kifuniko. Zuri, sivyo?"

Na kweli lilikuwa zuri. Sitaki kumsingizia Ndovu wa watu. Vyura walikuwa kero.

Punda akachonga kata mpya siku mbili, koo limemkauka. Akarudi. Ngo! Tundu sasa lilikuwa mwanya mwembamba.

"Ah! Umebadilisha tena?"

"Lile la pembe nne lilipitisha vumbi."

"Sasa sisi tutachotea nini? Mtoto wa Mama Swala anaungua kwa homa, hajaonja maji tangu juzi!"

"Mbona mkonga wangu unaingia?" Ndovu akautumbukiza, fyooo, akanywa. "Chongeni nyingine. Acheni uvivu."

Uvivu! Hebu sikieni hayo.

Nguchiro, mdogo kuliko wauza maji wote, hakubishana. Akajichekesha.

"Fundi kama wewe, Bwana Ndovu, unalala kwenye pango la mlango wa kizamani? Aibu! Ingia upumzike, sisi tukutengenezee mlango wa kisasa."

Ndovu alipenda sifa. Akaingia, akakoroma. Wauza maji wakapachika magogo ya mpingo mlangoni, pa! pa! pa! mpaka ukabaki upenyo tu.

Alasiri Ndovu akaamka. Gu! Akasukuma, pembe zake zikanasa.

"Mlango gani huu? Sipiti!"

"Mbona mimi napita?" Nguchiro akaingia, akatoka, akaingia tena. "Jichonge kidogo, Bwana."

"Mwili wangu ni huu huu! Nitauchongaje?"

"Na kata zetu ni hizi hizi. Tundu lako jipya baki nalo, hatulikatai. Lakini lile la duara liwe wazi pembeni, mpaka kila muuzaji awe amechonga kata mpya na kuijaribu."

Ndovu akanuna, akapiga miguu chini, akalia.

"Basi, nimekubali! Nitoeni!"

Wakamtoa. Akatoboa tundu la duara kando ya lile jipya, akaliwekea kifuniko cha kuzuia vyura. Punda akachota, akavuka bonde mbio, maji yakimwagikia mgongoni.

Mama Swala alikuwa amekaa mlangoni, peke yake.

"Mama, maji haya hapa," Punda akasema, akihema.

"Asante, baba. Yaweke hapo ndani," akasema Mama Swala. "Yatatosha kumwosha."

Punda akayaweka kando ya mtoto, aliyekuwa amefunikwa shuka hadi usoni.

Basi, wanangu, ukitengeneza tundu jipya la kisima cha wote, usizibe la zamani kabla wa mwisho hajachota.