Onora Aliyefua Kisimani

Wa kwanza kunipa kisa hiki ni Bibi Skolastika, mama wa mume wangu, naye alikipata kwa sista mzee wa Ayalandi aliyemfundisha kushona. Aliwasimulia wanangu alasiri moja, akiwa amewakasirikia majirani zetu tangu asubuhi.

"Zamani ije!"

"Na ije, tumekaa!"

"Huko Ayalandi, nchi ya mvua na mvua na mvua tena, mfalme alipiga marufuku mapadri. Akionekana padri, anakatwa kichwa! Basi Padri Malaki akajificha pangoni, nyuma ya kisima kitakatifu. Sasa wasikieni watu wa kijiji kile! Kanisa lilipokuwa wazi, Jumapili walikuja watu wanne na mbwa. Padri alipofichwa, wakaja arobaini! Huyu na mayai, huyu na siagi, wote wakizunguka kisima mara tatu, ndiyo desturi yao, mpaka nyasi zikafa.

Mjane Onora, aliyempikia padri, akawafokea: 'Jamani, mnawachorea askari njia!'

'Dada Onora, sisi tunasali tu.'

Wanasali tu! Askari wakaiona njia, wakaifuata na farasi wao. Onora akawaona kwa mbali. Akafanya nini?"

"Akakimbia!"

"Nyamaza wewe. Akabeba nepi za mwanawe, za siku tatu, akazitumbukiza kisimani. Katika maji matakatifu!"

"Bibi! Na harufu?"

"Harufu ndiyo iliyofanya kazi. Mkubwa wa askari akaziba pua. 'Mama, hapa si mahali patakatifu?'

'Patakatifu pa nani? Mtoto anaharisha. Shika ncha hii, afande, tukamue.'

Afande akarudi nyuma. 'Twendeni. Kungekuwa na padri hapa, nani angethubutu?'

Wakaondoka. Kisima nacho kikakauka palepale. Wanakijiji wakamshukuru Onora? Wapi! 'Umekinajisi! Umetufukuzia maji!' Padri akatoka pangoni, akawauliza: 'Maji hurudi. Kichwa changu kingerudi?' Wakaitikia amina, na mwaka mzima hawakumsalimia Onora. Watu hawa!

Basi, wajukuu zangu, aliyechafua mikono ili akuokoe, mpe kwanza shukrani, sabuni baadaye. Zamani imekwenda zake, mimi imeniachia koo kavu."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Mama Tekla, ambaye mtaa mzima, nami nikiwemo, ulikuwa haumsemeshi tangu alipowaita polisi kwa jirani aliyekuwa akimpiga mkewe. Nikabisha hodi. Sauti ilinitoka ndogo, nikabisha tena.