Kifo na Mkeka wa Bi Kazija

Nyamazeni huko nyuma, mimi sirudii. Hapo kale Kifo alikuwa akipiga hodi kama mtu yeyote, na watu walioitambua sauti yake walijifungia ndani kimya. Bi Kazija, mjane msusi wa mikeka, yeye alifungua.

"Karibu. Umefuata nini?"

"Nimekufuata wewe, bibi. Twende kwangu."

"Kwako umeshatandika?"

Kifo akaduwaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Unachukua wageni na nyumba haina hata mkeka! Huoni haya?" Akamtwika mkeka mpya, akamfukuza.

Ikapita miaka saba. "Hodi, bibi. Nimetandika."

"Na maji ya kunawa?"

Hayakuwapo. Akampa mtungi, Kifo akaondoka nao kichwani, shingo imempinda.

Ikapita saba mingine. "Hodi, bibi. Maji yapo."

"Na nani atanipokea? Mimi siingii nyumba isiyo na mwenyeji."

Safari hii Kifo alikuwa na jibu. "Mumeo. Aliutambua ususi wako, na tangu siku ile kila nikiingia ananiuliza umefika wapi."

Bi Kazija akainuka. Akajifunga kanga mpya, akafunga mlango wake mwenyewe, akashika njia, Kifo nyuma akimkimbilia. Walipofika, yeye ndiye aliyepiga hodi.

"Karibu, mke wangu," ikaitika sauti kutoka ndani. "Umekawia."

Mlango ukafungwa. Mimi nilibaki nje, ndiyo maana nawahadithia.