Karatasi ya Mwenye Nyumba

Bwana Shekiondo, mwenye nyumba, alikataa katakata kubadilisha kiti cha choo cha wapangaji, ingawa kilikuwa na ufa uliomfinya kila aliyekikalia.

"Ufa gani? Mnadeka tu," alisema.

Safari hiyo alipokuja, Bi Mwanahiba, mpangaji wa chumba cha uani, hakulalamika. Alimkaribisha maziwa mgando, akammiminia tena na tena, mpaka mgeni akaanza kujipindapinda.

"Choo kipo, baba," alisema kwa upole.

"Mimi nikalie wanapokalia watu wote? Na maradhi haya!"

"Mtu kama wewe tutamwachaje hivyo? Nimekutandikia karatasi ya hotelini, zile za kukalia mara moja na kutupa. Kiti chote kimefunikwa."

Bwana Shekiondo alichungulia, akaona karatasi nyeupe pe, akaridhika. Akafunga mlango, akaketi kwa uzito wake wote.

Yowe lake lilisikika mpaka msikitini.

Alasiri fundi alileta kiti kipya. Alipoikuta ile karatasi juu ya kile cha zamani, akauliza kama ilikuwa ya kuzuia maradhi.

"Hapana, mwanangu," alijibu Bi Mwanahiba. "Ya kuficha ufa."