Pua ya Bi Lubaba

"Bibi, afadhali adhani nimepewa na mwanamume mwingine kuliko ajue nimejinunulia mwenyewe."

Ndivyo alivyoniambia ndugu yako Mwanahalima jana, kakaa hapo hapo ulipokaa wewe, Batuli, na mkoba wake wa nguo kauacha mlangoni.

Nikamwuliza, umejinunulia nini? Maua. Mekundu. Ilikuwa siku hiyo yao ya wapendanao, wenzake kazini wote wameletewa, yeye mumewe katoka asubuhi kaaga tu. Basi mchana kapita dukani, kajinunulia, kayapiga picha, kaiweka kwenye simu watu waone, na maneno juu yake: asante kipenzi. Mumewe, Mbwana, kaiona. Kipenzi gani, na yeye hakutoa ua? Kamwuliza mkewe, mke kanyamaza. Na hapo ndipo walipo mpaka leo. Mume anadhani kaibiwa mke, na mke jibu analo mdomoni, hataki kulitoa.

Nikamwambia, mwambie kweli. Akanijibu, "Nyinyi zamani mlikuwa mkiozwa tu, Bibi. Haya ya mapenzi hamyajui." Akanieleza kuwa siku hiyo ina asili yake, eti kulikuwa na padri huko kwa Wazungu akiozesha watu kwa siri mpaka akauawa. Huenda. Sikuwepo. Lakini mimi kuna siku nyingine ya maua niliyosimuliwa na mama yangu, naye alisimuliwa na mwalimu wake wa chuo cha Kurani. Nilitaka kumpa, akabeba mkoba wake akatoka. Basi sikia wewe.

Walikuwepo waja wema katika mji mmoja wa Uarabuni, juu milimani, mji wa mashamba ya mawaridi. Mmoja wao akiitwa Ubeidi, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kazi yake ilikuwa kupika marashi. Mawaridi hutiwa chunguni na maji, yakachemshwa, ule mvuke ukanaswa, ukipoa ndiyo marashi. Sasa mtu anayeshinda juu ya mvuke ule, pua yake huchoka. Ikifika alasiri hajui tena kama alichopika ni kizuri ama kimeingia moshi. Kwa hiyo Ubeidi alikuwa akimpelekea mkewe, Bi Lubaba, anuse yeye. Bi Lubaba akisema mazuri, yanauzwa. Akisema mabaya, yanamwagwa. Mji mzima ulinunua kwa pua yake.

Mama yake Ubeidi, aliyekuwa akikaa nao, alikuwa na neno lake mbele za wageni: "Mwanangu hakuoa uso. Alioa pua." Wageni wakicheka, na Bi Lubaba naye akicheka.

Mwaka mmoja akashikwa na homa. Mwenyezi Mungu akamponya, lakini harufu akaiondoa. Waridi na kitunguu kinachoungua, vyote kwake vikawa hewa tupu. Akaogopa. Mke aliyeolewa kwa pua, pua ikifa, anabaki na nini? Akanyamaza. Mumewe akimletea chupa, anaiweka puani, huku anamtazama mumewe usoni. Akimwona ana furaha, anasema mazuri. Akimwona ana wasiwasi, anasema yamwagwe. Mwaka ukapita hivyo, na hakuna aliyejua ila Mola wake.

Na mji ule ulikuwa na desturi. Siku mawaridi ya kwanza yanapochumwa, kila mume humletea mkewe ua moja mbele za watu, mke akalinusa, akasema neno zuri. Kwa Bi Lubaba watu walikuwa wakijaa zaidi, maana pamoja na ua huja marashi ya kwanza ya msimu, na wanunuzi wote wanangoja neno lake.

Siku hiyo Ubeidi kaja na waridi mkono mmoja, chupa mkono mwingine. Akasema, "Mke wangu, leo tuanze na chupa, maana nina shaka. Nilikwenda kuswali nikauacha moto mkali. Sijui kama moshi umeingia. Kuna watu hapa wanakwenda kuwapaka maiti wao. Nusa. Ukisema yamwagwe, yanamwagwa."

Bi Lubaba akaipokea, akaiweka puani, akamtazama mumewe usoni kama alivyozoea. Usoni hapakuwa na jibu. Mumewe naye alikuwa akimtazama yeye, akingoja.

"Haya, sema," mama mkwe akamwambia. "Au unataka tupige vigelegele kwanza?"

Wanawake wakacheka. Bi Lubaba akaiweka chupa chini.

"Mimi sisikii harufu," akasema. "Tangu ile homa."

"Homa ya mwaka jana?"

"Ndiyo, mama."

"Na yote uliyotuambia tangu hapo?"

"Nilikuwa nikibahatisha. Niliogopa nitarudishwa kwetu."

Mama mkwe kainyakua chupa, kanusa. Kanusa tena. "Mbona mazuri!" akasema. "Hayana moshi hata chembe. Mjinga wewe, ungesema mazuri tu, nani angejua?"

Hapo, Batuli, ndipo pa kutega sikio. Marashi yalikuwa mazuri. Uongo ungepita, naye angekaa salama na jina lake. Kweli haikumwokoa na kitu siku ile, ilimvunjia heshima tu mbele ya majirani. Na bado aliisema, kwa kuwa hakuwa na haki ya kushuhudia asilolijua.

Ubeidi alimwuliza neno moja. "Na mimi uliniogopa?"

"Wewe zaidi ya wote."

Akatoka na ua lake mkononi, kasahau hata kulitoa. Watu wakasema kaenda kwa kadhi kuandika talaka. Kumbe kaenda sokoni, kasimama katikati, akasema, "Enyi watu, nimewauzia kitu nisichokijua. Asiyeridhika na marashi yangu ayarudishe." Wengine wakarudisha, wengine wakaja kucheka, na wapo waliorudisha chupa tupu bila kuona haya.

Aliporudi, mama yake anamngoja. "Unamrudisha kwao lini?"

"Mama, mke wangu kaumwa ndani ya nyumba yangu, akaogopa kuniambia. Yeye kasema uongo, na amekwisha kutubu. Sisi ndio tuliomtisha."

"Mimi nimefanya nini?"

"Neno lako, mama: alioa pua."

Mama yake akainuka, akaingia chumbani mwake.

Asubuhi yake, kabla hajawasha moto, pua bado nzima, Ubeidi akalichukua lile waridi, limeshaanza kusinyaa. Hakumpa mkewe. Alilinusa yeye, polepole, kisha akamwambia, "Lina harufu ya maji ya mtungi mpya. Nyuma yake asali. Na kwa mbali kabisa, pilipili."

"Pilipili?"

"Kidogo tu."

Bi Lubaba akacheka mpaka akatokwa na machozi. Jirani akasikia ukutani, na mji mzima ukasikia.

Wanasema tangu hapo desturi ya mji ule ikageuka. Siku ya mawaridi, mume hulinusa ua kwanza yeye, akamweleza mkewe linavyonukia. Na mke humwambia mumewe jambo moja alilokuwa akimficha. Mara nyingi ni upuuzi, kama nani aliyemaliza nyama ya jana. Lakini husemwa.

Kama ilikuwa hivyo hasa, Mungu ndiye ajuaye. Watu wema wale waliogopa kama sisi tunavyoogopa. Ila walimwogopa Mungu kuliko mama mkwe.

Sasa ndugu yako mimi kaninunia, kalala kwa shangazi yenu, na wewe njia yako ni huko huko. Usianze na Bibi kasema, atafunga mlango. Mpe hii ya Bi Lubaba yote, na ukifika kwenye pilipili nyamaza, mwache acheke mwenyewe. Kisha mwambie yale maua, hata kama yamenyauka, ampelekee Mbwana ayanuse. Nenda, mjukuu wangu, umfikishie.